Fundi Mkongwe Asiyevaa Ngao ya Uso

SWALI: Ninasimamia karakana ya kuchomelea vyuma. Fundi wetu mkongwe, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi, huchomelea bila ngao ya uso, na vijana wanamwiga. Nikimkanya, hunijibu kwamba alianza kuchomelea kabla sijazaliwa. Nifanyeje bila kumvunjia heshima?
Msimamizi, Morogoro

JIBU: Ndugu Msimamizi, kila unapomhubiria mzee huyo hatari za mwanga wa kuchomelea, unampa sababu ya kujitetea, na kadiri anavyojitetea ndivyo anavyozidi kuyaamini maneno yake. Mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, aliliona jambo hilo katika kazi yake na watu waliotawaliwa na pombe, na mwaka 1983 akachapisha maelezo ya namna nyingine ya kuzungumza, ambayo baadaye aliiendeleza pamoja na Stephen Rollnick: mshauri huuliza na kusikiliza mpaka sababu za kubadilika zitoke kinywani mwa mhusika mwenyewe.

Mwendee faragha, vijana wakiwa mbali, na uanze kwa kuomba ruhusa: "Mzee wangu, naomba tuzungumze kidogo kuhusu macho yako." Kisha mwulize ngao inamsumbua wapi. Huenda akasema kioo ni cheusi mno, haoni pa kuanzia. Usimkatize, rudia alichosema kwa maneno yako ili ajue umemsikia, maana pengine kioo kimechakaa kweli na kukibadilisha ni wajibu wako. Halafu mwulize, kuanzia sifuri hadi kumi, kuvaa ngao kuna umuhimu gani kwake. Akijibu tatu, usimwulize kwa nini si kumi, kwa kuwa atakutajia vikwazo tu. Mwulize kwa nini hakusema sifuri. Akikumbuka usiku ambao macho yalimwasha kana kwamba yamejaa mchanga, jizuie kutoa mawaidha. Mwambie, "Kumbe yalikutesa sana," kisha nyamaza aendelee.

Simaanishi kwamba kinga ni hiari. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawabana mwajiri na mfanyakazi, na hilo umweleze mzee waziwazi, kwa adabu, bila kumficha. Lakini anayevaa kwa amri pekee huvua msimamizi akigeuka. Kwa hiyo, ukisikia ameanza kusema "labda nijaribu," mwulize angependa kuanza na kazi ipi, na mkatafute pamoja kioo kinachomfaa.