Nataka picha zangu za sura zifanane na zake

SWALI: Yaya, salamu kutoka Birere. Nina kamera ya mtumba, napiga picha za harusi, ubatizo na siku za kuzaliwa. Kuna mpiga picha mmoja wa hapa Goma, fundi kweli, ambaye namfuata Instagram. Kwenye picha zake ngozi za watu zimekolea na zinang'aa, nyuma pametulia kwa buluu inayoelekea kijani, na hata nyeusi yake si nyeusi ti. Nilinunua priseti (mipangilio ya rangi iliyotengenezwa tayari) za Lightroom, programu ya kuhariri picha, nikidhani zitanifikisha huko, lakini kila uso ninaoupitisha humo unatoka na rangi ya majivu. Nilimwandikia kumuuliza anatumia priseti gani, hajajibu. Nifanyeje?
– Msomaji, Goma

JIBU: Mdogo wangu, usimkasirikie kwa kunyamaza. Hata angekutumia priseti yake usiku huu, majivu yangebaki palepale. Priseti ni namba tu: ongeza hapa, punguza pale. Namba hizo zilipimwa juu ya picha zake, zenye mwanga wake. Ukizimwaga juu ya picha iliyopigwa saa sita mchana barabarani Birere, zinafanya hesabu ileile juu ya kitu kingine kabisa. Mwombe umbebee taa siku moja. Ombi la namna hiyo lina nafasi kubwa zaidi ya kujibiwa.

Vijana wanaokuja studio kwangu Katindo nawaambia hivi: sehemu kubwa ya kile mnachokiita uhariri wa fundi ilikwisha kufanyika kabla hajabonyeza kitufe. Kwa hiyo anza kwa kusoma picha zake, na usome macho kwanza. Ikuze moja mpaka jicho lijaze skrini. Ndani ya mboni utaona doa jeupe, nalo ndilo taa yake au dirisha lake. Doa la mraba mara nyingi ni dirisha au fleshi yenye sanduku la kitambaa, na doa la mviringo huenda ni mwavuli. Martin Schoeller, Mjerumani anayefanya kazi New York, picha zake za karibu za watu mashuhuri zina mistari miwili myeupe iliyosimama ndani ya macho, kwa sababu huweka taa mbili ndefu, moja kila upande wa uso. Hakuna programu itakayokuletea mwanga ule baadaye.

Halafu tazama chini ya macho na chini ya kidevu. Sisi hapa tunapiga picha juu ya mawe ya volkano. Ardhi nyeusi inameza mwanga, hairudishi kitu usoni. Mtu akisimama juu ya lava na jua liko utosini, macho yanazama na shingo inapotea. Ukifika nyumbani unavuta vivuli juu kwenye programu, na majivu mengi yanaanzia hapo: kivuli kizito hakikuhifadhi rangi ya kutosha, ukikiinua kinapanda kijivu na chembechembe zake. Basi msogeze mteja barazani, uso utazame nje, na mtu ashike usawa wa kiuno kipande cha frigoliti nyeupe, zile zinazokuja ndani ya katoni ya televisheni. Shuka jeupe pia linafaa. Utaona shavu linapata uhai palepale, kompyuta bado imezimwa. Na piga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera. JPEG, faili la kawaida la picha, inabeba ngazi 256 tu kwa kila rangi, wakati RAW ya biti 14 inabeba 16,384, na ngozi yetu inazihitaji ngazi zile za chini.

Sasa kuhariri. Fungua picha yake na yako kwenye Lightroom Classic ya kompyuta, sehemu ya Develop, pitisha kishale juu ya picha, na usome namba tatu zilizo chini ya histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha: nyekundu, kijani, buluu. Weka kishale mahali peusi kuliko pote, tuseme kwenye koti la suti. Ukikuta kitu kama 6, 7 na 9 badala ya sifuri, basi huenda ameinua ncha ya chini ya mkunjo wa toni, ule mstari wa kupanga giza na mwanga, kisha akatia buluu kwenye vivuli. Ifuate kidogo kidogo mpaka namba zako zikaribiane na zake.

Kisha nenda shavuni. Kwenye mwanga wa kawaida, ngozi ya mtu yeyote ina nyekundu juu, kijani katikati, buluu chini. Kwenye picha zako nina hakika buluu imepanda ikaigusa kijani. Priseti iliambiwa itie buluu kwenye vivuli, na shavu jeusi liko karibu na vivuli kuliko shavu la mzungu, kwa hiyo buluu ikaingia mpaka usoni. Tumia maski ya kumchagua mtu, yaani kifaa cha kutenga sehemu moja ya picha, igeuze ili ishike mandhari peke yake, ndipo utie buluu yako. Uso uachie joto lake.

Na tafadhali, usipandishe mwangaza wa rangi ya machungwa, ile iliyomo ngozini, ili mteja atoke mweupe. Najua wengine wanaomba hivyo. Mama aliyevaa kikwembe kipya na kusuka nywele kwa ajili ya picha arudi nyumbani na uso wake mwenyewe. Fundi unayempenda anaukoleza, na ndiyo maana picha zake zimekukamata.

Unapohariri usiku, punguza mwanga wa skrini, la sivyo utadanganyika: picha inayoonekana sawa kwenye skrini kali hutoka na giza kwenye karatasi. Chapa moja ndogo kwanza, itazame mchana karibu na dirisha, ndipo uchape zilizobaki.