Vijiko vingapi vya unga wa mitishamba vinamtosha mgonjwa wa presha na sukari?

SWALI: Shikamoo mfamasia. Mama yangu ana miaka 63, tunaishi Uyole, Mbeya. Ana presha na sukari, na kliniki walimwandikia amlodipini ya presha, na metformini na glibenklamidi za sukari. Miezi miwili iliyopita alinunua unga wa mitishamba kwa mtaalamu mmoja anayeuza karibu na soko la Mwanjelwa. Alimwambia una mlonge, kokwa la parachichi na mizizi mingine saba, hauna kemikali wala madhara, ila asichanganye na vidonge vya hospitali kwa sababu vinagongana. Mama akaacha vidonge. Wiki ya kwanza tulimpima presha ikawa 134/82, hatujapima tena. Anakula vizuri, magoti yameacha kumuuma, uso umejaa, majirani wanasema amerudi ujana. Shida ni kipimo: kopo limeandikwa "kijiko kimoja au viwili". Kwa umri wake vijiko vingapi ni sahihi? Na anaweza kujifukiza mkaratusi huku anatumia dawa hii?
Binti wa Uyole

JIBU: Marahaba, dada. Hesabu ya vijiko sitakupa, na si kwa kuwa naichukia mitishamba. Mimi sijui kilichomo kwenye kopo hilo, wewe hujui, mama hajui. Anayejua ni mmoja tu, naye ndiye aliyeandika "kijiko kimoja au viwili", yaani kipimo kinachoweza kuongezeka maradufu kulingana na mkono wa mnywaji.

Kesho asubuhi, kabla ya chai, mpeleke mama kliniki apimwe presha na sukari. Beba kopo lenyewe pamoja na vidonge vyote alivyoviacha. Usimfokee, maana akiona aibu atamficha daktari. Na usiku wa leo usimwachishe huo unga ghafla kwa hasira, wala usimrudishie glibenklamidi kwa kubahatisha. Nitaeleza kwa nini. Mkaratusi nao usubiri: mtu ambaye presha yake haijulikani hafunikwi blanketi juu ya sufuria la maji ya moto.

Nianze na hiyo 134/82, kwa sababu namba za namna hiyo naletewa dirishani kila mara, zimeandikwa kwenye kikaratasi, mwenye nazo akitabasamu. Amlodipini haitoki mwilini siku unayoiacha. Huchukua saa 30 hadi 50 nusu yake iondoke, kisha muda kama huo tena nusu ya iliyobaki, na kuendelea hivyo. Aliyeinywa kila siku kwa miezi mingi hubaki nayo karibu wiki nzima, na kwa mtu mzima wa umri wa mama inaweza kuchelewa zaidi. Kwa hiyo presha mliyoisoma wiki ile ilikuwa bado imeshikiliwa na kidonge cha kliniki, sifa akachukua muuza unga. Hawa jamaa wanaijua vizuri hiyo wiki ya kwanza. Watakwambia "kapime baada ya siku tano ujionee", na sijakutana na aliyesema kapime baada ya wiki sita. Kwa wiki hizo zote mama amekaa bila kupimwa, na presha ikipanda haibishi hodi.

Sasa huo uso uliojaa. Majirani wameona ujana, mimi nimeona kitu kingine na sikupenda nilichokiona. Mtu mzima anapata hamu ya kula ya ghafla, maumivu ya magoti yanakatika kana kwamba yamefutwa, uso unajaa na kuwa wa duara, yote ndani ya wiki chache za kunywa unga usiojulikana. Mfamasia yeyote akisikia maelezo hayo atafikiria steroidi, dawa kali za hospitali za kutuliza uvimbe na maumivu, yaani deksamethasoni au prednisoloni zilizosagwa zikachanganywa humo. Sisemi ndivyo ilivyo kwenye kopo la mama. Uso unaweza kujaa hata kwa maji yanayobaki mwilini figo zikichoka, na hilo nalo linataka daktari. Lakini uchanganyaji huo si hadithi. Maabara za dawa katika nchi nyingi zimekuta deksamethasoni na diklofenaki ndani ya "dawa za asili za viungo", glibenklamidi ndani ya "dawa za asili za sukari", sildenafili ndani ya "mizizi ya nguvu za kiume". Mgonjwa anaamini amekimbia vidonge, kumbe anavinywa vile vile, bila jina na bila kipimo.

Ndipo sababu zangu zinapoingia. Steroidi hupandisha sukari na presha, magonjwa yale yale aliyonayo mama, huku ikimfanya ajisikie vizuri. Ikitumika kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake ya kawaida, na ukiikata ghafla mtu anaweza kulegea, kutapika, presha ikaporomoka. Daktari ndiye wa kuamua namna ya kuiacha. Kwa upande wa pili, kama kilichosagwa humo ni glibenklamidi, ukimwongezea na ya kliniki sukari itashuka chini ya kiwango. Kwa wazee hali hiyo huweza kukaa muda mrefu na kumpoteza mtu fahamu. Unga mmoja, hatari mbili zinazovuta pande tofauti, na hatuwezi kujua ipi ni ipi bila kupima. Umeona sasa kwa nini swali la vijiko halijibiki.

Hilo neno "hauna kemikali" ndilo linalonichosha kuliko yote katika kazi hii. Na linanichosha zaidi likisemwa huku kwetu, kwa watu wanaolima pareto. Njombe, Mufindi, milima ya Mbeya, nani hajaona maua meupe yale yakianikwa kwenye mikeka? Pareto ni ua, limeota kwenye udongo, halijapita kiwandani hadi lifike Mafinga, na tunalilima kwa sababu linaua wadudu. Kinachoua ni kemikali zilizotengenezwa na mmea wenyewe. Tumbaku ni jani. Mmea hauwezi kukimbia anayeutafuna, kwa hiyo hujitengenezea sumu na viini vya kila aina, na baadhi ya viini hivyo kwa kiasi sahihi vinatutibu. Usingekuwa na kemikali, usingetibu chochote. Kwa hiyo anayekuuzia dawa "isiyo na kemikali" ama hajui anachouza, ama anajua.

Wala si lazima muuzaji awe tapeli ndipo mtu aumie. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokwenda kliniki kupunguza unene walipewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mmea mmoja ulibadilishwa na mwingine wenye jina linalokaribiana kwa Kichina, wa jamii ya Aristolochia. Zaidi ya wanawake 100 waliharibikiwa figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Ilikuwa kliniki yenye madaktari, katika nchi yenye maabara. Fikiria basi mizizi saba isiyotajwa jina, iliyokwisha kusagwa, ambayo hata mtaalamu wa mimea hawezi tena kuitambua kwa macho. Mtu akikuletea jani zima, tutaulizana, tutalinganisha, tutajua ni la mti gani. Unga unaficha kila kitu, na ndiyo maana wababaishaji wanaupenda.

Nisieleweke vibaya. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Makete na Uyole inapouma, chai ya tangawizi na mchaichai ni jambo jema, na mama aendelee nayo, sukari tu asitie. Maua ya choya, ambayo wengine wanaita rosela, yamefanyiwa tafiti kadhaa na huonekana kushusha presha kwa kiasi. Kwa kiasi, na kwa anayeendelea na vidonge lazima kliniki wajue. Parachichi lenyewe, lile la Rungwe na Njombe, lina potasiamu nyingi na kwa mwenye figo nzima ni chakula kizuri kwa presha. Kokwa lake ni jambo jingine. Hakuna kipimo kilichothibitishwa kwa binadamu, kwa hiyo aliyemwandikia mama kokwa la kusaga amekisia.

Mlonge nao. Majani yake ni mboga, na mboga inapikwa kwa sufuria, haipimwi kwa kijiko cha dawa. Tafiti ndogondogo zinaonyesha yanaweza kushusha sukari kidogo. Hicho kidogo hakitoshi kumwachisha mtu metformini, ila kinaweza kumzidishia mtu aliye kwenye glibenklamidi. Mizizi na magome ya mlonge ni ya kuacha kabisa, yana viini vyenye sumu kwa mishipa ya fahamu, na mjamzito asiyasogelee.

Waganga wa tiba asili wa kweli wapo. Wapo wanaomwambia mgonjwa wa sukari "endelea na kliniki, mimi nitakutibu kikohozi". Ninaowasema ni wale ambao dawa yao moja inatibu presha, sukari, vidonda vya tumbo, U.T.I. sugu, inasafisha kizazi, inasafisha figo na kutoa sumu mwilini. Sumu gani? Muulize jina lake. Figo na ini ndivyo vinavyotoa sumu mwilini, usiku na mchana, bila malipo, na mara nyingi ndivyo vya kwanza kulemewa na unga wa namna hiyo. Wanaume nao wajihadhari, hasa wenye ugonjwa wa moyo wanaotumia vidonge vya naitreti vya kifua: "mizizi" yenye sildenafili iliyofichwa ikikutana na vidonge hivyo, presha huanguka ghafla na mtu anaweza kufa. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yameshawaletea watoto wadogo kutapika, kusinzia na degedege, msiwanyweshe.

Siku hizi kuna pakanga pia, mmea ambao wengine wanauita artemisia. Watu wanakunywa chai yake kabla ya kushuka Kyela, wakiamini wamejikinga na malaria. Ni kweli dawa kuu ya malaria duniani imetokana na mmea huo: mwanasayansi wa China, Tu Youyou, na wenzake waliitoa kwenye majani mwaka 1972, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Ila kazi yake ilikuwa hasa kukitoa kile kiini kwenye majani na kujua kipimo chake, kwa kuwa hakiyeyuki vizuri kwenye maji na kiasi chake hutofautiana mmea hadi mmea. Shirika la Afya Duniani halishauri chai ya pakanga kutibu wala kukinga malaria. Dozi pungufu haimponyi mgonjwa, na inawafundisha vimelea kuizoea dawa mseto tunayoitegemea sote. Kyela nendeni na chandarua, na homa ikianza mkapime.

Kwa wengine wenye makopo kama la mama nyumbani: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka mtoa tiba asili asajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muombeni cheti, na muulize jina la kila mmea uliomo, sehemu iliyotumika na kiasi. Akikwambia ni siri ya ukoo, mwachie siri yake na ubaki na hela yako. Aliyewahi kuambiwa aache dawa za presha, sukari, kifafa, TB au VVU ili mizizi "ifanye kazi" apeleke taarifa kwa mratibu wa tiba asili katika ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Kopo msilitupe, na unga msiuhamishie chombo kingine. Ubaki ulivyo, na lebo yake, na tarehe uliyoununua iandikwe ubavuni kwa kalamu, ili kukitakiwa sampuli ya kupimwa iwepo.