Nimeingia Google mara moja, mbona Thunderbird bado hainijui?

SWALI: Habari fundi. Natumia mfumo wa kompyuta wa Ubuntu 24.04 ofisini. Niliweka akaunti yangu ya Google kwenye Settings, pale palipoandikwa Online Accounts, nikajua nimemaliza. Kalenda imekubali, faili za Drive naziona, lakini Thunderbird, programu yangu ya barua pepe, bado inanitaka niingie upya. Tena kila nikiwasha kompyuta kinatokea kidirisha kinachodai nywila ya kitu kinachoitwa keyring. Nimekosea wapi? Na nywila yangu ya Google imebaki humo ndani ya mashine?

JIBU: Salama, ndugu. Kuhusu Thunderbird hujakosea kitu. Ubuntu yako inatumia GNOME toleo la 46, yaani ule mwonekano wa madirisha na menyu unaoutumia, na hiyo Online Accounts uliyojaza ni huduma ya GNOME yenyewe, iliyoanza na toleo la 3.2 mwaka 2011. Ifikirie kama dalali: inaingia Google mara moja, kisha kila programu inayotaka barua au kalenda inapitia kwake. Lakini lazima programu iwe imeundwa kumtumia dalali huyo. Evolution, programu nyingine ya barua pepe, inamtumia, Kalenda ya GNOME na kile kidirisha cha kufungulia faili pia. Thunderbird na Firefox hazimtumii. Kwa hiyo uingie tena ndani ya Thunderbird, au uhamie Evolution. Mimi barua nasomea Thunderbird, kalenda nimeiachia GNOME, na kuingia mara mbili hakujawahi kunikera.

Nywila yako ya Google haimo. Ulipoongeza akaunti, ukurasa wa kuingia ulifunguka kwenye kivinjari chako cha kawaida. Nywila uliiandikia huko, na Google ikairudishia kompyuta tokeni, yaani kibali kinachoweza kufutwa bila wewe kubadili nywila. Usichukulie kwamba akaunti zote ziko hivyo. Ukiongeza barua pepe ya kawaida ya IMAP, yaani ile unayoiunganisha kwa anwani ya seva na nywila, nywila yenyewe ndiyo inayohifadhiwa. Kwa Nextcloud, yaani hifadhi ya faili kwenye seva ya ofisi, kama ofisi yenu wanayo, usiandike nywila yako kuu: ingia kwenye mipangilio ya usalama ya Nextcloud, utengeneze nywila ya programu, yaani nywila ya pembeni kwa ajili ya programu hiyo tu, uitumie hiyo.

Sasa keyring. Hili ni kasha la siri lililofungwa kwa nywila, na humo ndimo tokeni na nywila hizo zinamokaa. Kwa kawaida hulioni likifunguka, maana linafunguliwa na nywila ileile unayoandika unapoingia kwenye kompyuta. Likianza kudai nywila, mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili. Ama umeruhusu kompyuta iingie yenyewe bila nywila, hivyo hakuna kilicholifungua. Ama mtu wa IT aliibadilisha nywila yako kwa mamlaka ya msimamizi, kasha likabaki na ile ya zamani.

Ya kwanza tiba yake ni kuzima kule kuingia bila nywila. Ya pili, fungua programu ya Passwords and Keys, bofya kulia kwenye Login, ambalo ndilo jina la kasha hilo, uchague kubadili nywila, uweke ya zamani kisha mpya inayofanana na ya kuingilia. Ya zamani umeisahau? Basi hakuna njia ya mkato: futa kasha hilo, ujue kila kilichokuwa ndani kimepotea, uingie upya kwenye akaunti moja moja. Kuna watakaokwambia uache nafasi ya nywila ya kasha bila kuandika kitu ili kidirisha kikome. Kitakoma kweli, ila siri zako zitakaa kwenye diski bila kufichwa, na kwenye kompyuta ya ofisi mimi siwezi kulikubali hilo.

Na ukirudi Online Accounts, bofya jina la akaunti uone swichi za barua, kalenda, anwani na faili. Zima usizotumia. Kama kuna mwenzako anayekaa kwenye mashine hiyohiyo, mtengenezee mtumiaji wake wa kuingilia kwenye kompyuta. Akaunti hizi hufuata mtumiaji, si kompyuta. Siku mashine ikiibiwa, ingia Google kwa simu, tafuta orodha ya programu ulizoziruhusu, ukatize GNOME hapo hapo.