Kabla hujaiita kinga mtambuka

Grafu hii nimeshaletewa na wanafunzi wengi: panya waliopona kimelea cha kwanza wameambukizwa spishi ya jirani wakaishi, wenzao ambao hawakuwahi kuugua wamekufa, na juu yake kumeshaandikwa "kinga mtambuka", yaani kinga iliyopatikana kwa spishi moja inayokinga pia dhidi ya nyingine. Huwa nauliza swali moja tu: kundi la tatu liko wapi?

Kinga ya kuvuka spishi ipo. Mwaka 1970 mtafiti Cox alionyesha kwamba panya waliopona Babesia microti, kimelea cha chembe nyekundu za damu, walistahimili Plasmodium vinckei, kimelea cha malaria ya panya ambacho kwa kawaida huwaua. Ila mwaka 1976 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba hata BCG, bakteria wa chanjo ya kifua kikuu asiye na undugu wowote na vimelea hivyo, huwakinga panya dhidi ya Babesia na Plasmodium. Mwili ulioamshwa na kitu kimoja unaweza kupambana hata na kingine kisicho na undugu nacho. Kwa hiyo weka kundi la tatu, lililoamshwa na kitu kisicho na undugu na kimelea chako. Nalo likipona, undugu wa spishi zako haujathibitisha kitu.

Kuna jambo la damu ambalo wengi hulipita. Panya aliyetoka kwenye upungufu wa damu wa ambukizo la kwanza amejaa chembe nyekundu changa, na P. vinckei hupendelea zilizokomaa. Inaweza kuonekana kinga, kumbe kimelea kimekosa makazi. Hesabu chembe changa siku ya maambukizi ya pili. Zikiwa bado nyingi, subiri. (Msimamizi atanung'unika kuhusu gharama za kuwalisha panya. Mwache.)

Slaidi nazo zisomwe kwa subira. Kwenye rangi ya Giemsa, pete changa (vimelea vichanga vyenye umbo la pete) za Babesia na za Plasmodium hufanana mno. Tafuta vimelea vilivyokua: Plasmodium huacha punje za rangi ya kahawia ndani ya chembe, Babesia haiachi. Ukibaki na shaka pima kwa PCR, kipimo cha vinasaba, maana mabaki ya ambukizo la kwanza yanaweza kukuharibia hesabu yote.

Tena usidhani undugu pekee unatosha. Eimeria za kuku, vimelea vya utumbo, ni za jenasi moja, lakini kuku aliyepona spishi moja hubaki wazi kwa nyingine, ndiyo maana chanjo zake huchanganya spishi kadhaa. Ukipata kinga kutoka spishi A kwenda spishi B, jaribu na B kwenda A kabla hujaandika ripoti.