Maswali ya ardhi: shirika ni msindikizaji tu

Barua za wiki hii zimetoka Lamu na Malindi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: haya mashirika ya kutetea ardhi, tuyaachie nini na tushike nini wenyewe?

Shirika limekuja kutusaidia kusajili ardhi ya jamii. Hati itatoka kwa jina la nani? – Mzee, Basuba

Kwa jina la jamii yenu, mzee wangu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, mkutano wa watu wazima wa jamii, akidi theluthi mbili, ndio unaochagua kamati ya watu 7 hadi 15. Shirika laweza kuleta wakili, kuchora ramani pamoja nanyi na kuwasomea sheria, kura halina. Wakati mnangoja, kaunti inaishika ardhi hiyo kwa amana tu, hairuhusiwi kuiuza.

Kinachowaponza watu ni karatasi ya mahudhurio. Inazungushwa pamoja na soda na nauli, mtu anaandika jina, nambari ya kitambulisho na sahihi bila kutazama juu pameandikwa nini. Pakiwa patupu, weka kalamu chini. Karatasi hiyo ikija kubandikwa nyuma ya barua isemayo "wananchi wameridhia", kuikana ni kazi. Muhtasari wa kikao nao auandike katibu wenu, nakala ibaki kijijini.

Kesi ya bandari ya Lamu, walioishinda ni mashirika au ni sisi? – Kijana, Amu

Walioshtaki, 2012, ni wenyeji wa Lamu. Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliona wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi ikafutwa. Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji, walikuwa miongoni mwa waliolalamika. Wakili huletwa, lakini ushahidi ni wa mvuvi anayejua alikuwa akitega wapi kabla ya bandari.

Tunalima shamba hili tangu enzi za babu. Mwenye hati haonekani, ila mtu wake hukusanya ijara. Miaka 12 itatusaidia? – Mkulima, Magarini

Ijara ndiyo kizingiti. Miaka 12, ambayo humwezesha aliyekalia shamba la mtu kudai liwe lake, huhesabiwa kwa anayekaa wazi, mfululizo, bila ruhusa ya mwenye shamba. Ukilipa, umekubali kwamba u mpangaji. Tena haifanyi kazi kwenye ardhi ya umma wala ya jamii. Kabla ya kuchangishana pesa za kesi, angalieni rekodi afisi ya ardhi mjue shamba limeandikwa kwa nani. Na anayekuja kudai hela ya "kuandikisha maskwota", mpiteni.

Nimeolewa huku kutoka Mombasa. Mwenyekiti asema wake wa kuja hawana kura kwenye mkutano wa ardhi ya jamii. – Mama, Mkokoni

Amekosea, dada. Ndoa imeshakuingiza katika jamii, na talaka peke yake haikutoi. Mpaka uolewe tena. Hakikisha jina lako limo kwenye daftari la wanajamii kabla mkutano haujaitwa.