Jaribio Linalofeli Usiku Tu: Majibu kwa Wanaopima API

Swali: Ndugu Mhariri, ninapima mfumo wa duka unaopokea maagizo kwa njia ya API, yaani mlango ambao programu moja hutumia kuomba na kupokea data kutoka kwa nyingine. Mfumo huandika tarehe kwa saa za hapa nchini. Majaribio nimeyaandika katika Postman, programu ya kupimia API, na kuyapangia yajiendeshe kwenye seva kila siku saa nane usiku. Jaribio moja, linalohakiki kwamba agizo jipya limepewa tarehe ya leo, hufeli kila usiku, lakini nikifika ofisini na kuliendesha kwa mkono linapita. Wenzangu wanashauri tulihamishie saa mbili asubuhi. Skripti yenyewe, yaani amri za jaribio, nimeiambatisha. (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Usilihamishe kwanza. Ratiba ya asubuhi itakuondolea usumbufu na kosa litabaki pale pale.

Katika skripti uliyotutumia, tarehe ya leo unaipata kwa kuita toISOString, amri ya JavaScript inayoandika tarehe na saa kama maandishi, na kuchukua herufi kumi za mwanzo. Amri hiyo haijali kompyuta yako iko wapi. Daima hutoa muda wa UTC, yaani saa za marejeo za kimataifa, ambao uko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa tatu. Kwa hiyo kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku sisi tumekwisha kuingia siku mpya, wakati UTC bado iko jana. Saa nane usiku ya kuamkia Machi 12, skripti yako inatarajia 2025-03-11, API inarudisha 2025-03-12, na sharti linafeli. Ifikapo saa mbili asubuhi tarehe zote mbili zimekwisha kulingana, ndiyo maana hujawahi kulishuhudia kosa hilo kwa macho yako. Anayefikiri kwa saa za Kiswahili, ambazo tayari zimepishana kwa saa sita na zile zinazoandikwa kwenye kompyuta, ana sababu ya ziada ya kuzikokotoa kwenye karatasi kabla ya kuilaumu seva.

Kwa maelezo yako mfumo unaandika tarehe kwa saa za hapa nchini, kwa hiyo API iko sahihi na skripti ndiyo yenye makosa. Itake itoe tarehe kwa kutaja eneo la saa, yaani Africa/Dar_es_Salaam, badala ya kuongeza saa tatu kwa mkono. Kuongeza kwa mkono kutafanya kazi vizuri hapa, Nairobi na Kampala, mpaka siku duka litakapofungua tawi Kigali, ambako saa ziko mbele ya UTC kwa mbili tu. Ukimaliza, liendeshe tena usiku huo huo wa manane. Jaribio lililofeli usiku halithibitishwi mchana.

Swali: Sharti langu linasema kiasi kilicholipwa kiwe sawa na kile nilichokihifadhi kwenye vigezo vya mazingira, yaani thamani ambazo Postman hunitunzia ili majaribio yazitumie. Ninaona 1500 upande huu na 1500 upande ule, lakini bado linafeli. (Msomaji, Thika)

Jibu: Upande mmoja ni namba na mwingine ni maandishi yanayofanana na namba. Postman huhifadhi vigezo vya mazingira kama maandishi, na ulinganisho mkali haukubali aina mbili tofauti. Andika kwenye konsoli (dirisha la ujumbe la Postman) aina ya kila thamani kwa amri ya typeof, kisha ugeuze kile kigezo kuwa namba kabla ya kulinganisha. Ila ukikuta maandishi yanatoka kwenye API yenyewe, ilhali mkataba wake, yaani maelezo ya kile inachopaswa kurudisha, unaahidi namba, usigeuze chochote: jaribio limefanya kazi yake, na ripoti iende kwa walioiandika API.

Swali: Majaribio yangu yote yalikuwa ya kijani, yaani yalipita, kwa wiki mbili, kumbe huduma ya orodha ya malipo ilikuwa imeharibika muda wote huo. Inawezekanaje, na skripti inakagua hali ya kila malipo? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Inawezekana kwa sababu ya hilo neno "kila". Skripti yako inapitia orodha na kuweka sharti ndani ya mzunguko, yaani amri zinazorudiwa kwa kila kilichomo kwenye orodha. Orodha ikirudi tupu, mzunguko hauzunguki hata mara moja, hakuna sharti linalokaguliwa, na jaribio lisilo na sharti lililovunjika huhesabiwa kuwa limepita. Msimbo wa 200, ambao seva huutoa kusema ombi limefanikiwa, nao haukusaidii hapa, kwa kuwa seva inaweza kuurudisha pamoja na orodha tupu, au hata pamoja na ujumbe wa kosa ndani ya jibu.

Kabla ya mzunguko, weka sharti kwamba orodha ina angalau malipo moja, na bora zaidi, ingiza malipo unayoyajua mwanzoni mwa jaribio kisha udai kuyaona kwa namba yake ya kumbukumbu. Halafu fanya jambo ambalo wengi wetu huliruka kwa sababu linaonekana kama kupoteza muda: badilisha thamani inayotarajiwa iwe ya uongo kwa makusudi, uendeshe jaribio, na uhakikishe limegeuka jekundu. Likibaki la kijani, ujue skripti haijafika kwenye lile sharti, na hapo ndipo pa kuanzia kutafuta.