Karanga Zilizoota Ukungu Si Mbolea

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Kaliua aliniuliza kama anaweza kumwaga shambani magunia mawili ya karanga zilizoota ukungu, ili zioze na kurutubisha ardhi. Swali hilo lilinichoma, kwani kosa hilo nililifanya mwenyewe hapa Urambo, tena kwa kujiamini.

Mnunuzi mmoja alizipima karanga zangu na kuzikataa mbele ya wakulima wenzangu, akisema sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu (ukungu), imezidi kiwango kinachoruhusiwa cha mikrogramu 10 kwa kilo. Aibu ile ninayo hadi leo. Nilizifukia kwenye matuta ya pembeni, na kaka aliponionya nilimjibu kwamba ardhi hula kila kitu.

Nusu ya jibu langu ilikuwa kweli. Sumukuvu ikiingia udongoni, sehemu yake hunaswa na chembe za mfinyanzi na mboji, na sehemu nyingine huvunjwa taratibu na bakteria, ingawa ikizidi sana huweza kuwadhoofisha baadhi ya bakteria haohao. Nilichosahau ni kuvu yenyewe, Aspergillus flavus, ambayo makazi yake ya asili ni udongo, nami nilikuwa nimeiandalia karamu. Nilipofukua baadaye nilikuta punje zimevikwa unga wa kijani kibichi, na juu yake vidonge vyeusi vigumu, vidogo kama mbegu za mchicha. Kwa vidonge hivyo kuvu huvuka kiangazi ikingoja zao jingine. Msimu uliofuata mvua ilikatika karanga zikiwa zinajaza punje, udongo ukapata joto, na kwa kuwa karanga hukomalia ardhini, matuta yale ndiyo yaliyooza zaidi.

Ndugu zangu, tuache kiburi. Karanga mbovu zichomwe mbali na shamba, pua ikiwa imefunikwa na wewe ukiwa upande upepo unakotoka. Wala usiwape kuku, na usijidanganye kwamba ukizikaanga sumu itakwisha, kwa maana moto wa jikoni hauimalizi. Vuna kwa wakati, anika juu ya turubai, chambua. Narudia: zisirudi shambani.

Matuta yale nimeyalisha samadi iliyoiva kwa misimu mitatu sasa, na nimepanda mtama. Karanga bado sijathubutu.